Ugonjwa siku ya mtihani: historia ya wanafunzi wetu tangu Lovanium hadi Ebola ya Beni

Kila mwaka mwezi wa sita ukikaribia, swali moja linarudi katika familia zetu, ziwe zile zilizo nyumbani kwao ama zile zilizokimbia vita na kupokelewa na jamaa: mtoto akishikwa na homa siku ya mtihani, inakuwa namna gani? Baba ameuza mbuzi, mama ametoa faida yote ya meza yake ya soko, minervali imelipwa mpaka franka ya mwisho. Kisha usiku wa kuamkia mtihani, malaria inamlaza mtoto.

Wengi wanajibu haraka kwamba ni bahati mbaya. Lakini ukifuata historia ya masomo katika nchi yetu utaona jambo lingine. Ugonjwa unapolaza watu wengi kwa pamoja, serikali inasogeza kalenda. Ugonjwa unapomlaza mtu mmoja, kalenda inabaki palepale na yeye ndiye anabaki nyuma. Tofauti hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilijengwa na watu, mwaka kwa mwaka, na hasara yake si ya diploma peke yake.

Wakati mwanafunzi alikuwa na daktari jirani

Chuo kikuu cha kwanza nchini, Lovanium, kilifungua milango mwaka 1954 juu ya kilima, pembeni ya mji uliokuwa unaitwa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Kilianza na wanafunzi takriban 30 tu. Mwaka 1956 kikafuata chuo kikuu cha Élisabethville, leo Lubumbashi, na mwaka 1963 Waprotestanti wakafungua cha tatu katika mji ambao leo ni Kisangani.

Tukumbuke hali ya wakati ule. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache sana. Katika hospitali walikuwepo wasaidizi wa madaktari, watu hodari waliojua kazi, lakini Wabelgiji hawakuwa wamewaruhusu kufika mpaka mwisho wa masomo ya udaktari. Ndiyo maana kila kijana aliyeingia chuo kikuu alihesabiwa kama hazina ya taifa. Wanafunzi wa Lovanium walilala kampasi, walikula kampasi, wengi wao kwa bursi, na hospitali ya chuo ilikuwa juu ya kilima kilekile.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyeugua hakuwa na safari ndefu. Daktari alikuwa jirani, na mara nyingi daktari huyo alikuwa pia profesa. Cheti cha ugonjwa hakikuwa na mabishano mengi, kwa sababu aliyekiandika na aliyekipokea walikuwa watu wa nyumba moja.

Kanuni za mitihani zilitoka Ubelgiji. Kazi ya mwaka mzima inapimwa mwishoni, katika sesioni ya kwanza. Aliyeshindwa anarudi baada ya likizo katika sesioni ya pili. Sesioni hiyo ya pili ndiyo ilikuwa mlango wa mgonjwa pia. Tuone vizuri jambo hili, kwa sababu limeishi mpaka leo: mgonjwa alipitia mlango mmoja na aliyeshindwa. Aliyeshindwa alikuwa amepata nafasi mbili za kujaribu. Aliyelala hospitalini mwezi wa saba alipata nafasi moja tu, na alipoanguka hapo, mwaka ulikuwa umekwenda. Maadamu wanafunzi walikuwa wachache na wanatunzwa, kasoro hiyo haikuonekana sana. Walipokuwa wengi na hakuna wa kuwatunza, ikaanza kuuma.

Siku moja kwa nchi nzima

Upande wa shule za sekondari, mwaka 1967 serikali ilianzisha mtihani mmoja kwa wote wanaomaliza, ule tunaita Exetat. Nia yake ilikuwa nzuri. Nchi ilikuwa imetoka katika miaka ya uasi na mgawanyiko, na serikali ilitaka kijana wa Uvira na kijana wa Mbandaka wapimwe kwa maswali yaleyale, siku ileile, bila kujali shule ni ya Wakatoliki, ya Waprotestanti ama ya serikali. Hapo ndipo ilipozaliwa ile desturi tunayoijua sisi wote: matokeo yakitoka, mafinalisti wanamwagiwa poda nyeupe kichwani na mtaa mzima unaimba.

Lakini mtihani wa siku moja kwa nchi nzima una ukali wake. Sesioni ya kawaida inachukua siku nne. Maswali yamefungwa, yamesafirishwa kwa ulinzi, na kikifunguliwa kifurushi asubuhi ile, siri imekwisha. Huwezi kumwambia mgonjwa arudi wiki ijayo ajibu maswali ambayo mtaa mzima umekwisha kuyazungumzia. Ndiyo sababu kijana aliyekosa siku moja kati ya zile nne alijikuta anasubiri mwaka mwingine. Anarudia kalasi ya sita, ama anajiandikisha peke yake kama otodidakti, huku wenzake wamekwisha kuwa chuoni.

Ukali huo ulieleweka kama haki. Maswali sawa, siku sawa. Hakuna aliyeuliza kama miili nayo iko sawa. Katika nchi ambako malaria haina likizo, kupanga siku nne ambazo hakuna mtoto ataugua ni kupanga jambo ambalo halijawahi kutokea. Na wako wale ambao ugonjwa wao unajulikana tangu kuzaliwa. Watoto karibu 2 kati ya 100 wanaozaliwa nchini mwetu wana ugonjwa wa seli mundu, wenyewe wanajiita SS. Maumivu yao yanawajia bila kupiga hodi, mara kwa mara kila mwaka. Kwa mtoto SS, kukosa masomo si bahati mbaya ya mara moja. Ni sehemu ya maisha yake ya shule, na kanuni haikumfikiria.

Kuugua mbali na nyumbani

Mwezi wa nane mwaka 1971, utawala wa Mobutu uliunganisha vyuo vikuu vyote vitatu kuwa kimoja, UNAZA. Vitivo vikagawanywa kama mali ya urithi. Udaktari ukabaki Kinshasa. Fasihi na sayansi za jamii zikapelekwa Lubumbashi. Ualimu na saikolojia zikaenda Kisangani. Kijana wa Bukavu ama wa Goma aliyetaka kuwa daktari alilazimika kuvuka nchi nzima. Barabara hakuna, ndege ni ya wenye fedha, na mtoni ni siku nyingi.

Wazee waliosoma wakati ule wanajua maana yake. Huku kwetu hospitali haimlishi mgonjwa. Jamaa ndio wanapika, wanafua, wanalala chini ya kitanda, wanatoka usiku kutafuta dawa. Mgonjwa asiye na jamaa ni kama mgonjwa asiye na hospitali. Kwa hiyo wanafunzi wa mkoa mmoja wakawa jamaa kwa wenzao. Wawili wanabaki wodini kwa zamu, mmoja anazunguka na bahasha kuchanga fedha, mwingine ananakili masomo mara mbili, mara moja yake, mara moja ya mgonjwa. Mtu mmoja anaugua na wanne wanakosa TP. Hiyo haikuandikwa katika kanuni yoyote, lakini ndiyo iliyowafikisha wengi kwenye diploma. Vile vyama vya wanafunzi wa Kivu, wa Ituri, wa Maniema, ambavyo leo watu wanaviona kama mambo ya siasa na ukabila, kazi yao moja kubwa ilikuwa hiyo: kuzika na kuuguza.

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, na vyuo vikuu vitatu vikarudi kila kimoja na uongozi wake. Mwaka 1989 Bukavu ikapata chuo kikuu cha Wakatoliki, UCB, na Butembo ikapata UCG. Ikawa afadhali, mtoto anaweza kusoma karibu na mama yake. Lakini wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kinabomoka. Bursi zilikuwa zinakatwa mpaka zikaisha. Kampasi zilibeba wanafunzi wengi kuliko uwezo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, migomo na machafuko ya Kinshasa yalifunga masomo kwa muda mrefu, na hapo ndipo tulijifunza maneno mapya: mwaka mweupe, yaani mwaka usiohesabiwa, na mwaka wa kunyumbuka kama mpira, yaani mwaka wa masomo unaochukua miaka miwili ya kalenda.

Kuanzia hapo wazazi ndio waliobeba shule. Walimu hawakulipwa, wazazi wakaanza kutoa primu ili kalasi zisifungwe. Kituo cha afya nacho kinaishi kwa fedha ya mgonjwa. Basi mtoto anapougua, familia inalipa mara tatu: inalipa matibabu, inalipa karatasi ya kuthibitisha matibabu, na akikosa mtihani, inalipa mwaka mwingine wa masomo. Wako wagonjwa waliopona lakini wakazuiliwa hospitalini kwa sababu deni halijaisha, mtihani ukapita wakiwa wamekaa juu ya benchi la nje, wazima kabisa.

Homa iliyofanana na malaria

Sasa turudi nyuma kidogo, mwaka 1976, kule Yambuku, katika mkoa wa Ekweta wa wakati ule. Mwishoni mwa mwezi wa nane, mwalimu wa shule ya misioni alifika hospitalini na homa. Watu walidhani ni malaria, wakamdunga sindano ya klorokini, akarudi nyumbani. Siku chache baadaye homa ilirudi na damu, akafa. Hospitali ile ilikuwa na sindano chache zilizotumiwa kwa watu wengi kila siku bila kuchemshwa vizuri, na ugonjwa ukapita humo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Wahudumu 11 kati ya 17 wa hospitali hiyo walikufa, ikafungwa. Ugonjwa huo ulipewa jina la mto Ebola.

Kati ya madaktari wa kwanza kufika Yambuku kutoka Kinshasa alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyemaliza udaktari Lovanium mwaka 1969. Alikuwa mtoto wa kile kizazi kilichotunzwa kama hazina. Mwaka 1995 Ebola ilipotokea Kikwit na kuua watu karibu 250, alikuwa huko pia. Kutoka katika damu ya mtu aliyepona Kikwit, yeye na watafiti wa nchi nyingine walitengeneza dawa ambayo baadaye ilitumiwa kuwatibu watu wetu wa Beni na Butembo. Tunapouliza mwanafunzi mmoja ana thamani gani, tumkumbuke huyo.

Na Yambuku inatufundisha jambo la pili. Homa ya mwalimu ilionekana kama homa ya kila siku, ile ambayo mtu anameza kidonge na kurudi kazini. Katika nchi yetu homa kubwa inaanza ikiwa imevaa nguo ya homa ndogo. Ndiyo maana kanuni inayomlazimisha mgonjwa kuja kalasi si ukali kwa mgonjwa peke yake. Ni hatari kwa kalasi nzima.

Beni na Butembo, siku 21

Tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni. Mwezi mmoja baadaye mwaka wa masomo ulianza kama kawaida. Ugonjwa ulikaa nasi karibu miaka miwili. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini, na 2,287 walikuwa wamekufa.

Tunakumbuka kalasi za wakati ule. Ndoo ya maji ya klore mlangoni, termoflashi kwenye paji la uso, mikono haisalimiani. Mwezi wa kumi na mbili 2018, kura ya rais iliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kama sababu pamoja na usalama. Watu waliuliza: mbona watoto wanasoma, soko linajaa, makanisa yanajaa, na kura peke yake ndiyo inakatazwa? Vijana wa Beni wakapanga kura yao wenyewe tarehe 30 Desemba. Tangu hapo wengi waliiona riposti kwa jicho la mashaka. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko kutoka Kamerun aliuawa ndani ya Hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, mahali palepale ambapo wanafunzi wetu wa udaktari wanajifunza kazi.

Katikati ya hofu hiyo, mwanafunzi alikuwa na hesabu yake. Kila aliyegusana na mgonjwa alipaswa kufuatiliwa kwa siku 21, kupimwa joto kila siku na kutosafiri. Exetat ni siku nne. Sesioni ya chuo ni wiki chache. Siku 21 zinaweza kuimeza sesioni yote. Sasa mweke kijana mbele ya hesabu hiyo. Shangazi yake amekufa, yeye alikuwa katika mazishi, na sasa anasikia mwili unawaka. Akisema, jina lake linaandikwa, na mwaka wake umekwenda. Akinyamaza, anaweza kumeza paracetamol asubuhi, joto likashuka, termoflashi ikamwachia apite. Kanuni ilikuwa inamfundisha kunyamaza, na Ebola inaishi katika kunyamaza.

Ndiyo maana habari moja iliyotoka Beni wakati ule inastahili kukaa katika kumbukumbu yetu. Katika kituo cha matibabu, shirika la ALIMA lilikuwa limeleta vyumba vya plastiki inayopenya macho, vinavyoitwa CUBE. Mgonjwa yuko ndani, jamaa wako nje, wanaonana na kuzungumza bila nguo zile nzito za kujikinga. Msichana mmoja mwanafunzi alifanya mtihani wake humo ndani, akiwa mgonjwa, huku msimamizi akimwangalia kupitia plastiki. Karatasi iliyoingia mahali kama pale haitoki, kwa hiyo majibu yanahitaji kuchukuliwa kwa picha.

Tulifikiri vizuri juu ya jambo hilo. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba mtihani hauwezi kumfuata mgonjwa. Ugonjwa hatari kuliko yote tunaoujua ulipokuja, mtihani ulimfuata mgonjwa mpaka kando ya kitanda. Kama uliwezekana kwa Ebola, unawezekana kwa malaria, kwa tifoidi, kwa mguu uliovunjika, kwa mama kijana aliyejifungua jana.

Mwaka ambao kalenda ilihama

Mwaka 2020 ulituonyesha upande wa pili. Kisa cha kwanza cha Covid kilitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi, na kuanzia tarehe 19 shule na vyuo vyote vikafungwa. Watoto walifuata masomo kwa redio, wale waliokuwa na redio. Mafinalisti walirudi kalasi tarehe 10 Agosti, mitihani ikasukumwa mbele. Mwaka mpya wa masomo ulianza tarehe 12 Oktoba badala ya mwezi wa tisa, ukasimamishwa tena tarehe 18 Desemba, na masomo yakarudi tarehe 22 Februari 2021.

Hakuna aliyeambiwa arudie mwaka kwa sababu hakufika kalasi kati ya mwezi wa tatu na wa nane. Kalenda ilisogezwa kwa nchi nzima, na mbingu hazikuanguka. Lakini mtoto aliyelala na tifoidi mwezi wa sita mwaka uliotangulia, yeye alirudia. Miili ya watoto hao wote ilikuwa na sababu moja ileile. Kilichotofautiana ni idadi tu.

Familia zilizohama na karatasi zilizopotea

Kwa ndugu zetu waliohama, jambo hili ni zito mara mbili. Mwezi wa kumi 2023, shirika la Umoja wa Mataifa linalohusika na uhamiaji lilihesabu watu milioni 6.9 waliohama makwao ndani ya nchi. Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala: majina hayo yalikuwa ya vijiji na mitaa, yakawa majina ya bahari ya hema. Kipindupindu kiliingia humo. Mwaka 2024 mpox nayo ikafika, baada ya kuanzia Kamituga mwaka uliotangulia, na mgonjwa wake anapaswa kukaa peke yake mpaka vidonda vikauke na maganda yaanguke, yaani wiki mbili hadi nne. Mwezi wa pili 2025 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa, na watu wakabeba tena vyombo vyao.

Mtoto aliyeugua katika safari hiyo hana bulteni, hana karte ya hospitali, wala shule aliyoandikwa haipo tena pale ilipokuwa. Anaulizwa athibitishe ugonjwa wake kwa karatasi yenye muhuri, na aliyekuwa na muhuri naye alikimbia. Na kwa kuwa wako watu wanaouza vyeti vya uongo, mwenye ugonjwa wa kweli anatazamwa kama mwongo mpaka aonyeshe kinyume chake.

Historia haitoi dawa, lakini inatuonyesha mambo ambayo yamewasaidia wengine. Kwa wazazi na wanafunzi, ni haya.

Kwanza, uliza kanuni siku ya kuandikishwa, si siku ya kuugua. Kila chuo kina sheria zake za ndani kuhusu kukosa mtihani, na muda wa kuleta cheti mara nyingi ni mfupi.

Pili, toa habari mapema na kwa maandishi. Barua ya mistari mitano kwa mkuu wa shule, ama kwa katibu wa masomo, iliyopelekwa na CP wa promosheni ama ndugu wa mgonjwa, ina nguvu kuliko maelezo marefu ya mwezi ujao. Baki na nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa.

Tatu, omba kituo cha afya kiandike tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na idadi ya siku za kupumzika, pamoja na jina la anayeandika na muhuri. Si lazima ugonjwa wenyewe utajwe kwa kila mtu. Piga picha karatasi hiyo pamoja na bulteni zote, uitume kwa jamaa aliye mji mwingine. Karatasi inaungua na hema, picha inabaki.

Nne, mwanafunzi mwenye ugonjwa wa kudumu, kama SS, kifafa ama pumu, ajulishe chuo mwanzoni mwa mwaka. Itakuwa rahisi kuaminiwa mwezi wa sita ukiwa ulijulikana tangu mwezi wa kumi.

Tano, ukiwa na dalili za ugonjwa wa kuambukiza, usiende kalasi ukiwa umeficha homa. Mwaka unarudiwa. Rafiki uliyekaa naye benchi moja harudiwi.

Mlango wa tatu

Kwa wakubwa wa elimu, yako maombi ambayo historia yenyewe inayaunga mkono. Vyuo vyetu vilianza mfumo wa LMD katika mwaka wa masomo 2021-2022. Katika mfumo huo mwaka umegawanywa katika kredi 60, na somo ulilofaulu linabaki lako, hulirudii kwa sababu umekosa lingine. Ukitumiwa kwa haki, mfumo huu unaweza kumpa mgonjwa kile ambacho sheria za zamani zilimnyima: kubaki na deni la masomo mawili badala ya kupoteza mwaka mzima. Lakini ukitumiwa na mtu mwenye mawazo ya zamani, LMD ni jina jipya juu ya mlango uleule.

Mgonjwa anahitaji mlango wake wa tatu, ulio tofauti na ule wa aliyeshindwa. Maswali ya akiba yanaweza kutayarishwa pamoja na yale ya kwanza, kufungwa na kuwekwa. Msimamizi anaweza kwenda hospitalini, kama alivyokwenda kule Beni. Cheti cha mwanafunzi kinaweza kutolewa bila malipo, ili maskini asionekane mwongo kwa kukosa franka chache. Na wanafunzi wenyewe wanaweza kufufua kazi ile ya wazee wao wa UNAZA: kila promosheni na kisanduku chake cha kusaidiana, na zamu ya kumnakilia mgonjwa masomo, hata kumwekea silabusi yake.

Lovanium ilianza na vijana takriban 30, na nchi ikajua jina la kila mmoja. Leo ni maelfu kwa maelfu, na wengine wanasoma chini ya turubai. Idadi imeongezeka, lakini hesabu ya nyumbani haijabadilika: kwa mama aliyeuza meza yake ya soko, mtoto aliyelala na homa leo ni yule mmoja tu.